Mawazo ya kukufuru yananijia ninapoomba: je, nimefungua mlango?

Dada wa Ipagala

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba kuuliza jambo nililolibeba moyoni kwa muda mrefu, na naomba mnijibu kwa Neno la Mungu bila kunitisha, kwa maana hofu ninayo tayari ya kutosha.

Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma na wizara yangu, na ninaishi peke yangu hapa Ipagala. Nimeokoka tangu nilipokuwa sekondari, nami nampenda Bwana. Lakini tangu tulipomzika mama yangu, kila nikipiga magoti kuomba, hasa usiku, maneno ya kumkufuru Bwana Yesu huja akilini mwangu, maneno ambayo siwezi kuyatamka wala kuyaandika hapa. Kadiri ninavyopambana kuyafukuza ndivyo yanavyozidi. Yakitulia kidogo, hufuata mashtaka: kwamba mtu aliyezaliwa mara ya pili hawezi kuwaza hivyo, kwamba nimekwisha kutenda ile dhambi isiyosameheka, kwamba ninawadanganya wenzangu ninaposimama nao kwaya. Siku ya Meza ya Bwana nilibaki nimeketi kwenye benchi huku wenzangu wakipita mbele.

Nilimweleza kiongozi wa kikundi cha maombi ninachohudhuria siku za Jumatano. Alisema kwamba mawazo kama hayo hayamfikii mtu asiyemfungulia Ibilisi mlango, kwa hiyo nitafute ni wapi nilipoufungua, nifunge funga kavu, bila chakula wala maji, nikeshe, kisha ninunue mafuta ya upako ya kupaka kwenye milango ya nyumba pamoja na kutoa sadaka maalumu. Nimefunga na nimekesha, na sasa hata usingizi umenikimbia, na mawazo yenyewe yameongezeka. Sadaka hiyo bado sijaitoa.

Maswali yangu ni haya. Je, Maandiko yanafundisha kwamba wazo baya likija tu akilini, tayari mtu ametenda dhambi? Je, ni kweli nimefungua mlango? Na huku kulinda akili tunakohubiriwa kila siku, hasa sisi tunaokaa ofisini Mtumba kuanzia asubuhi, tukipanda daladala jioni na kurudi kwenye chumba kisicho na mtu, kunafanyikaje?

Mwinjilisti mstaafu, Mvumi

Amina, binti yangu. Nimesoma maneno yako mara mbili kabla ya kujibu, na neno la kwanza ninalotaka ulisikie ni hili: kujaribiwa si dhambi. Soma tena Mathayo sura ya nne, usome polepole. Ibilisi alimwonyesha Bwana wetu milki zote za ulimwengu na fahari yake, akamtaka aanguke na kumsujudia. Hebu fikiri ni pendekezo la namna gani lililofika masikioni pa Mwana wa Mungu: kumwabudu Shetani. Hakuna kufuru iliyo kubwa kuliko hiyo. Na bado Waebrania 4:15 inasema kwamba yeye “alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi.” Kama wazo kufika tu lingekuwa dhambi, basi andiko hilo lisingeweza kuandikwa. Kiongozi wako atakapokuambia tena kwamba mawazo hayo hayamfikii asiyefungua mlango, muulize kwa heshima: Bwana Yesu alikuwa amefungua mlango gani?

Kuhusu dhambi isiyosameheka, usikubali kubeba mzigo ambao Maandiko hayakukutwika. Katika Mathayo 12 Bwana alikuwa amemponya mtu mwenye pepo, kipofu na bubu, mbele ya macho ya watu, na Mafarisayo waliokuwapo wakasema kwamba anatoa pepo kwa Beelzebuli. Hao waliiona kazi ya Roho ikiwa wazi kama mchana, wakaiita kazi ya Shetani, tena kwa kusudi na kwa moyo mkavu. Mtu wa namna hiyo halii usiku akiogopa kwamba amemhuzunisha Mungu. Wewe unalia, na unaandika huku ukitetemeka kwamba umemkosea umpendaye. Katika miaka yangu ya kuzunguka vijiji vya Chamwino na Mpwapwa nimekutana na waamini wengi walioogopa kwamba wametenda dhambi hiyo, na kila mara hofu yao ndiyo iliyonionyesha kwamba hawakuitenda.

Sasa nikueleze namna ninavyoelewa kulinda akili, na unisamehe kwa kuwa nitasema kama mkulima wa Ugogo. Wewe umekuja mjini, lakini pengine umeona wakati wa uwele na mtama kukomaa jinsi watu wanavyokaa juu ya dungu, lile jukwaa la mlinzi shambani, kutwa nzima wakiwinga kwelea kwelea. Hakuna aliyewahi kumlaumu mlinzi wa shamba kwa sababu ndege wamekuja, kwa kuwa kuja ni kazi yao. Tena mlinzi mwenye akili hashuki dunguni kulifukuzia kundi moja mpaka vilimani, maana akifanya hivyo kundi la pili litamaliza shamba upande wa nyuma. Anakaa mahali pake, anapiga kelele, anatupa jiwe kwa teo, anaendelea kukaa. Wewe, binti yangu, umekuwa ukilikimbilia kila kundi mpaka miguu imechoka. Rudi dunguni.

Na dungu letu ni nini? Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi kwamba wasijisumbue kwa neno lolote, bali haja zao zijulikane na Mungu kwa kusali na kuomba pamoja na kushukuru, ndipo akasema, “Na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu.” Angalia ni nani anayelinda hapo. Sisi tunapeleka haja, na amani ya Mungu ndiyo inayosimama zamu. Mahubiri mengi tunayoyasikia siku hizi yamemgeuzia mwamini kazi hiyo yote, akawa askari asiyelala, wakati andiko linasema yuko Mwingine anayekesha kwa ajili yake.

Juu ya mafuta ya kununua, nitasema kwa ufupi kwa sababu halihitaji maneno mengi. Simoni wa Samaria alipotaka kutoa fedha apewe uwezo wa Roho, Petro alimjibu, “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali.” Yakobo anawataka wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta kwa jina la Bwana, wala hakutaja bei. Usitoe sadaka hiyo.

Kijana wa Kikuyu

Shikamoo, baba mwinjilisti. Nakubaliana na mengi uliyoyasema, lakini naomba kuongeza upande mmoja ili dada yetu asije akadhani kwamba hakuna mlango wa kuulinda kabisa. Waefeso 4:26-27 inatuambia kwamba jua lisichwe na uchungu wetu bado haujatutoka, “wala msimpe Ibilisi nafasi.” Kwa hiyo nafasi ipo, nayo inaweza kutolewa, ila Paulo anaitaja kwa jina lake: hasira iliyolazwa usiku. Akiendelea anataja wizi, maneno mabaya, matukano. Haya yote ni mambo ambayo mtu anayajua na anaweza kuyatubu, tofauti na mlango wa siri unaotafutwa kwa kufunga na kulipia.

Jambo la pili ni simu. Hapa chuoni, Kikuyu ya Dodoma, tunaona wenzetu wengi wakimaliza ibada ya jioni wanajifunika blanketi na kuangalia video za shuhuda za kuzimu, mahojiano ya watu wanaodai walikuwa wachawi, na manabii wanaotaja majina ya watakaokufa mwaka huu. Wengine hufanya hivyo wakiamini kwamba wanajifunza vita vya kiroho. Mtu akilala saa nane usiku akiwa amejaza picha hizo, atashangaaje akiamka amejaa hofu? Wafilipi 4:8, aya inayofuata ile aliyoitaja baba, inasema tuyatafakari yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki, yaliyo safi, yenye kupendeza, yenye sifa njema. Sijui kama dada hutazama vitu hivyo, simshtaki. Nauliza tu, kwa kuwa kikundi kinachozungumzia milango sana mara nyingi husambaza video hizo kwenye magrupu yake ya WhatsApp.

Muuguzi, Dodoma Mjini

Bwana asifiwe, dada yangu. Mimi ni muuguzi na pia ni mshirika wa kanisa, na kwangu mambo haya mawili hayagombani. Naomba niseme mambo ambayo mara nyingi hayasemwi kanisani, si kwa sababu yanapingana na imani, bali kwa sababu wengi wanaogopa kuyataja.

Mawazo yanayomwingilia mtu bila hiari, tena kinyume kabisa na kile anachokipenda, ni jambo linalojulikana sana katika huduma ya afya ya akili. Mama anayempenda mtoto wake huweza kupatwa na picha ya kumdondosha. Mtu mcha Mungu hupatwa na matusi wakati wa sala. Wazo hushambulia mahali ambapo mtu anapathamini, ndiyo maana linamtisha. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwaambia watu wajitahidi wasimfikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila mara wazo hilo likiwajia. Hawakuweza kulizuia. Zaidi ya hapo, waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kwa wingi kuliko wenzao ambao hawakuzuiwa tangu mwanzo. Kwa hiyo unaposema kwamba kadiri unavyoyafukuza ndivyo yanavyozidi, unaeleza jinsi akili ya mwanadamu inavyofanya kazi, na si lazima iwe ishara kwamba umekabidhiwa kwa adui. Naamini adui hutumia udhaifu huo. Lakini udhaifu wenyewe ni wa kibinadamu.

Pili, mwili. Umefiwa, unaishi peke yako, umefunga bila chakula wala maji, umekesha, na sasa huwezi kulala. Akili iliyokosa usingizi hupungukiwa nguvu ya kuliachilia wazo baya lipite. Soma 1 Wafalme 19. Eliya, siku chache baada ya moto kushuka Karmeli, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea wala hakumtafutia mlango alioufungua. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, “kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Mazungumzo ya Mungu na Eliya kwenye mlima Horebu yalikuja baadaye, baada ya chakula na usingizi. Naomba uache kufunga kwa sasa. Kula ugali wako wa jioni na mlenda, zima simu, lala.

Tatu, kama usingizi hautarudi, kama huzuni haiondoki, huna hamu ya kula, unashindwa kazi, basi nenda kituo cha afya ueleze yote kama ulivyotueleza hapa. Huenda ni sonona, huenda ni ugonjwa wa mawazo yanayojirudia bila hiari, na yote mawili yana tiba, ya mazungumzo na ya dawa. Na ikitokea wazo likikuambia ujidhuru, usisubiri Jumatano: nenda hospitali siku hiyo hiyo pamoja na mtu unayemwamini. Najua hapa Dodoma jina la Mirembe limefanywa kuwa tusi la mitaani, na inaniuma, kwa sababu ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na watu wengi wametoka pale wakiwa wazima, wakarudi makazini na makanisani kwao. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo na wenye kifafa kila mmoja kwa jina lake. Maandiko yenyewe hayakuwaweka wote katika fungu moja, nasi tusifanye hivyo.

Mwanafunzi wa theolojia, Kongwa

Nawasalimu wote katika jina la Bwana. Muuguzi amesema vizuri, nami napenda kuonyesha kwamba Kanisa lilikuwa na maarifa juu ya jambo hili karne nyingi kabla ya vikundi vyetu vya leo, maana dada anaweza kudhani kwamba yeye ni wa kwanza.

Katika karne ya nne, watawa walikwenda kuishi jangwani Misri wakidhani wamekimbia majaribu, wakakuta kwamba vita imehamia ndani ya fikira zao. Mmoja wao, Evagrio wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliyapanga mawazo hayo katika mafungu manane: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutafuta sifa na kiburi. Baadhi ya mafundisho yake mengine Kanisa liliyakataa baadaye, lakini juu ya jambo hili alifundisha neno ambalo limesimama: kwamba mawazo haya yatusumbue au yasitusumbue si juu yetu, ila yakae au yasikae, yaamshe tamaa au yasiamshe, hilo liko juu yetu. Tena aliyakusanyia mawazo hayo mamia ya maneno ya Maandiko, kila wazo na jibu lake, akifuata namna Bwana Yesu alivyojibu nyikani kwa maneno matatu kutoka Kumbukumbu la Torati.

Karne nyingi baadaye, huko Uingereza, fundi wa kuziba masufuria aliyeitwa John Bunyan aliteswa kwa muda mrefu na wazo lililomwambia amuuze Kristo, asubuhi, mezani, kitandani, hata akadhani amepotea milele. Mtu huyo akawa mhubiri, akafungwa gerezani Bedford kwa ajili ya mahubiri yake, na katika kitabu chake cha mwaka 1678 kuhusu msafiri wa kwenda mji wa mbinguni aliweka jambo linalofanana kabisa na la dada yetu. Msafiri anapita bonde la giza, mwovu mmoja anamnyemelea nyuma na kumnong'oneza makufuru, naye maskini anaamini kwamba yametoka moyoni mwake mwenyewe. Jambo hilo linamhuzunisha kuliko yote aliyokutana nayo njiani. Huwezi kuandika hivyo usipokuwa umepita hapo.

Niongeze tahadhari moja. Aya ya Biblia haifanyi kazi kama hirizi. Ibilisi naye alinukuu Zaburi ya 91 juu ya kinara cha hekalu, na maneno hayo hayakugeuka kuwa kweli mdomoni mwake. Upanga wa Roho, yaani Neno la Mungu, hutumika kwa mtu kuuamini ukweli uliomo na kuutii, wala si kwa kuurudia haraka haraka mara nyingi mpaka woga upungue. Ndiyo maana ningemshauri dada asikariri orodha ndefu. Achukue neno moja kwa kila shtaka analolisikia. Likija shtaka kwamba yeye si wa Kristo, ajibu kwa Warumi 8:1, “Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu.” Moyo wake mwenyewe ukimshtaki, kuna 1 Yohana 3:20, kwamba Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Aseme mara moja, kwa utulivu, kisha aendelee na alichokuwa akifanya, hata kama wazo bado linapiga kelele.

Dada wa Ipagala

Nawashukuru sana, baba zangu na ndugu zangu. Nimesoma majibu yenu wakati wa mapumziko ya mchana nikajizuia nisilie mbele ya wenzangu ofisini. Kijana wa Kikuyu ameniuliza kuhusu video. Ndiyo, zinatumwa kwenye grupu letu kila siku, na nimekuwa nikizitazama nikidhani ndiyo maandalizi ya vita. Nimeliondoa grupu hilo kwenye simu.

Bado nina mambo mawili. La kwanza, saa ile ile wazo linapokuja katikati ya sala, je, niache kuomba, nianze kukemea kwa sauti, au niendelee? La pili, Jumatano inakuja na kiongozi atauliza kuhusu sadaka. Ni mtu mzima kuliko mimi na sipendi kumvunjia heshima.

Mama wa Kibaigwa

Mwanangu, pole sana kwa kufiwa. Nimeona kwamba katika majibu yote haya hakuna aliyesimama kwenye hilo, ingawa wewe mwenyewe uliandika kwamba mambo haya yalianza mlipomzika mama yako. Naomba nikuulize kama ambavyo mama yako angekuuliza: je, ulimwombea apone? Ulifunga kwa ajili yake? Na alipofariki, ulimwambia Mungu neno gani?

Nauliza kwa sababu nimewalea mabinti wengi kanisani, na nimeona kwamba sisi waamini tunafundishwa kusema “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa” kabla hata kaburi halijafukiwa, na Ayubu alisema hivyo kweli, lakini hatusomewi sura zinazofuata, ambamo Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa na kumlalamikia Mungu kwa maneno makali hata rafiki zake wakashtuka. Mwishoni Mungu alisema kwamba rafiki wale hawakunena yaliyo sawa, kama Ayubu alivyonena. Martha alimlaki Bwana njiani na lawama mdomoni: “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Hakufukuzwa. Daudi aliomba, “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?” na maneno hayo tumepewa tuyaimbe ibadani.

Uchungu usiopewa nafasi ya kusemwa mbele za Mungu haupotei, mwanangu. Huweza kurudi kwa sura ya kutisha, tena wakati ule ule unapopiga magoti, kwa sababu hapo ndipo ulipomwombea mama. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako hakika, maana moyo wako anaujua Mungu. Lakini jaribu leo usiku, kabla ya maombi yako ya kawaida, fungua Zaburi ya 13, uisome kwa sauti, kisha umtaje mama yako kwa jina, umwambie Bwana jinsi inavyokuuma. Mlilie. Kama una hasira, mwambie kwamba una hasira. Jambo hilo kijana amelitaja vizuri, kwamba hasira inayolazwa ndiyo inayompa Ibilisi nafasi, nami naongeza kwamba hata ile tuliyo nayo kwa Mungu inapaswa kutolewa kabla jua halijachwa, nayo hutolewa kwa kumwambia yeye mwenyewe.

Na usikae peke yako katika chumba hicho kila jioni. 1 Petro 5:9 inasema tumpinge adui tukijua kwamba mateso yale yale yanawapata ndugu zetu walioko duniani. Petro alijua kwamba mtu akidhani yuko peke yake ni rahisi kuangushwa. Tafuta familia moja ya kanisani hapo Ipagala, uwe unakula nao hata mara moja kwa wiki.

Mwinjilisti mstaafu, Mvumi

Mama wa Kibaigwa, Mungu akubariki. Umeona nilichopita bila kukiona.

Binti yangu, kwa swali lako la kwanza: endelea kuomba. Usianze kulikemea kila wazo kwa kelele, kwa maana hapo sala yako inageuka kuwa mazungumzo na adui, na Bwana uliyekwenda kuzungumza naye anabaki pembeni. Yakobo anaweka mambo mawili kwa mpangilio, “mtiini Mungu,” kisha “mpingeni Shetani, naye atawakimbia.” Mpinge kwa neno moja fupi, kama alivyokushauri ndugu wa Kongwa, halafu rudi kwenye haja uliyokuwa ukiieleza. Ukiona imekuwa vigumu kuomba kwa maneno yako, tumia Sala ya Bwana, na uisali kwa sauti ya kawaida ukiwa umefumbua macho, hata ukiwa unatembea. Tena jua kwamba mawazo huenda yasikome mara moja. Luka anasema Ibilisi alipomaliza kila jaribu alimwacha Bwana “akaenda zake kwa muda,” kwa hiyo yakirudi mwezi ujao usidhani kwamba kila kitu kimeharibika.

Kwa swali la pili: mwambie kiongozi wako ana kwa ana, si mbele ya kikundi, kwamba unamshukuru kwa kukuombea, kwamba umesimamisha kufunga kwa sababu ya afya, na kwamba hutatoa sadaka hiyo. Huhitaji kueleza zaidi. Akisisitiza au akikutisha kwa laana, usirudi kwenye kikundi hicho, na umweleze mchungaji wa kanisa lako, kwa kuwa yeye ndiye atakayetoa hesabu kwa ajili ya roho yako, si kiongozi wa kikundi. Siku hiyo hiyo mwombe mchungaji azungumze nawe kuhusu Meza ya Bwana, ili itakapoandaliwa tena uende mbele pamoja na wenzako. Na ushauri wa muuguzi kuhusu kituo cha afya usiuache. Kama unaona aibu kwenda peke yako, mwombe mke wa mchungaji akusindikize.

Tutakuombea hapa Mvumi kwenye ibada ya asubuhi, bila kutaja habari zako.